Mkwe wa Tawi: Pea Isiyo na Namba

Kama gazeti la wiki jana lilikupita, au lilikufikia likiwa limeshafungia kitu, usihangaike. Mkasa wangu ni mwepesi kuueleza, uzito wake naubeba mwenyewe.

Mimi ni fundi viatu. Nimemchumbia binti wa Mwenyekiti wa tawi letu la mashabiki, na Mwenyekiti huyo ni mama yake mzazi. Katibu wa tawi ni mjomba wake. Baba wa binti alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo Mjomba ndiye msemaji wa familia. Bila Mama hakuna harusi, na bila Mjomba Mama hawezi kutaja tarehe.

Shida ni kwamba ndugu hao wawili hawasalimiani tangu dirisha la usajili lifunguliwe. Klabu ilituma barua kwa kila tawi: pendekezeni kiungo wa kati mmoja, jina lifike Jumamosi kabla ya saa sita mchana. Mama anamtaka Ramani, yule mfupi anayepiga pasi mahali ambapo wengine wanaona nyasi tu. Mjomba anamtaka Kufuli, yule mrefu anayekaba mpaka kivuli. Kikao cha kwanza walivunjiana heshima. Kikao cha pili wakavunja kiti.

Mnakumbuka nilichofanya. Kwa Mama nilisema niko na Ramani. Kwa Mjomba nikaapa niko na Kufuli, tena niliapa nimesimama. Wiki jana kura zikapigwa, zikatoka sita kwa sita. Mwanachama wa kumi na tatu, ambaye siku hiyo alisingizia tumbo, ndiye huyu anayewasimulia.

Kikao cha mwisho wakakipanga Jumamosi saa nne asubuhi. Na kwa kuwa bati la ofisi ya tawi linavuja, wakaamua kifanyike kwenye karakana yangu.

Leo natubu jambo ambalo wiki zote hizi nimelizunguka.

Mpira siujui.

Siuchukii, sina ugomvi nao, ila siujui. Nilijiunga na tawi kwa sababu binti alikuja kuchukua viatu vyake vya kazini, nikamuuliza Jumapili huwa yuko wapi, akaniambia yuko tawini na mama yake. Jumapili hiyo hiyo nikaenda, nikalipa ada ya uanachama, nikajinunulia skafu. Nikaimba wimbo wa timu kwa kufungua na kufunga mdomo.

Maarifa yangu yote ya soka nimeyatoa kwenye magazeti ya zamani ninayofungia viatu vya wateja. Nikimaliza kushona nasoma ukurasa wa nyuma, nauhifadhi kichwani, Jumapili nautoa. Siku moja nilimsifia kiungo mmoja dakika kumi nzima, mapafu yake, jicho lake, nidhamu yake. Wote wakanisikiliza. Nilipomaliza, Mama akaniambia kwa upole kwamba huyo alistaafu miaka minne iliyopita na sasa anafuga kuku.

Nikasema nilikuwa natoa mfano. Wakakubali. Mwenye mapenzi haoni, na mwenye mkwe mtarajiwa naye hutazama pembeni.

Sasa, Alhamisi kabla ya kikao, akaja mtunza vifaa wa klabu. Huyu ni mwanachama mwenzetu, mtu mpole, kazi yake ni kufua jezi, kujaza mipira upepo na kuniletea njumu za wachezaji zinazohitaji kushonwa. Alishusha gunia mlangoni, akasema anazitaka Jumamosi asubuhi. Halafu akainama, akaninong'oneza kwamba Ramani yuko hapa mjini tangu Jumatatu. Amekuja kwa majaribio ya siri.

“Na viatu vyake vimo humo humo,” akasema. “Usimwambie mtu.”

Akaondoka. Nikalimwaga gunia juu ya meza.

Zilikuwa pea kumi na moja. Kumi zimeandikwa namba kwa kalamu ya wino mzito, kila moja namba ya mwenyewe. Pea moja haikuwa na namba yoyote. Ilikuwa pea ndogo, nyeusi, imetunzwa, imefutwa vumbi na mtu anayejiheshimu. Ramani ni mfupi, kila mtu anajua. Ramani ni mgeni, hana namba. Sikuhitaji kuambiwa mara mbili.

Nikavigeuza niangalie soli.

Hapa ndipo penye kazi yangu. Mpira siujui, lakini nikigeuza kiatu naweza kukuambia mwenyewe anatembeaje, anabeba begi bega gani, na kama ana haraka na maisha. Soli ya kulia ilikuwa imelika vibaya upande wa nje, meno ya mbele yamebaki nusu. Ya kushoto meno ya kisigino yalikuwa mapya kama yalivyotoka dukani. Mtu huyu hakanyagii mguu wa kushoto sawasawa. Akigeuka, anageukia kulia tu. Akisimama, anasimamia mguu mmoja.

Nikakaa kitako. Ramani ana goti bovu la kushoto, na anaficha.

Aliyenifundisha kazi hii alinipa sharti moja nililolishika miaka kumi na minne. Ukishakisoma kiatu cha mteja, funga mdomo. Kiatu ni siri ya mtu kama ilivyo kitanda chake. Nimeona mengi kwenye soli za watu, waume wanaosema wako kazini kumbe wako mchangani, mahamali waliochoka kabla ya wakati, na sijawahi kumwambia mtu.

Lakini fikirieni hali yangu. Ningempigia kura Kufuli, Mama angejua nilimdanganya. Ningempigia Ramani, Mjomba angejua. Mshika mbili moja humponyoka, na mimi zote mbili zilikuwa zinaponyoka pamoja na mke. Sasa nilikuwa na sababu. Ningesema nilikuwa wa Ramani kwa moyo wote mpaka nilipoona ushahidi. Mama angeheshimu ushahidi, Mjomba angepata Kufuli wake, mimi ningepata tarehe.

Ijumaa nzima nilipiga nyundo nikiimba.

Jumamosi saa nne karakana ilijaa. Wengine walikaa kwenye benchi la wateja, wengine juu ya masanduku ya ngozi, kinyozi akakalia ndoo. Mama alikaa kwenye kiti cha kujaribia viatu, mgongo wima, skafu shingoni. Mjomba alikataa kukaa mstari mmoja naye, akaenda kuegemea cherehani yangu ya ngozi na daftari lake la katibu kifuani. Mwalimu mmoja mstaafu wa hesabu, ambaye tawini ndiye mtunza muda, aliweka saa yake ya mkononi juu ya meza na kutangaza kwamba kila mmoja ana dakika tatu.

Hakuna aliyetumia dakika tatu.

Mama alieleza kwamba timu yetu ina watu saba wa kukimbia na hakuna hata mmoja wa kufikiri. Washambuliaji wanakaa mbele wanasubiri mpira mpaka wanapata usingizi. Akapanga visigino vya mpira vya kiatu juu ya meza yangu kuonyesha jinsi Ramani anavyopokea mpira akiwa ameshatazama nyuma. Mimi nilitikisa kichwa kwa makini, ingawa nilichokuwa naona ni visigino vyangu vya namba thelathini na tisa vinachanganywa na vya arobaini na moja.

Mjomba akasogea na kuvihamisha visigino vyote. Akasema msimu uliopita tumefungwa mabao kumi na manne kupitia katikati, ameyaandika, tarehe na dakika. Akasoma matano. Akasema kumleta Ramani kwenye timu hiyo ni kununua mapazia ya nyumba isiyo na mlango.

“Na wewe unafunga kufuli nyumba isiyo na kitu ndani,” Mama akamjibu, bila kumtazama.

Watu wakacheka pande zote mbili. Kinyozi akasema kwamba kiungo wa kati mzuri ni yule anayekaba na pia anachezesha. Akazomewa na kambi zote mbili, maana huyo kila timu inamtaka na hajazaliwa. Mwalimu akagonga meza na kusema imebaki saa moja na dakika ishirini. Kura ya kumi na tatu tafadhali.

Wote wakanigeukia. Mama alinitazama kwa utulivu wa mzazi mwenye uhakika na mwanawe. Mjomba akanikonyeza.

Wakati huo huo mchumba wangu akaingia. Anafanya kazi hospitalini, kitengo cha mazoezi ya viungo, anawafundisha kutembea upya watu waliovunjika. Alikuwa ameomba ruhusa zamu ya asubuhi aje asikie tarehe yake ya harusi. Alisimama mlangoni na sare yake na begi begani, akanitabasamia. Tabasamu hilo ndilo lililonimaliza. Nilitaka anione siku moja nikisema kitu ninachokijua.

Nikachukua ile pea ndogo nyeusi chini ya meza, nikaiweka mbele yao, soli juu.

Nikasema mimi nilikuwa wa Ramani, Mama anajua. Nikasema lakini kura ya haki inataka ukweli, na ukweli uko hapa. Nikaeleza yote, meno ya mbele na meno ya kisigino, uzito unaoangukia wapi, kwa nini mtu huyu hawezi kugeuka kushoto. Nilisema taratibu, bila kukwama, na kwa mara ya kwanza tangu nijiunge na tawi hakuna aliyenikatiza. Nikamalizia kwamba wanaotaka kumsajili Ramani wanasajili mguu mmoja.

Mtunza vifaa akainamisha kichwa, nikadhani ananilaumu kwa kutoa siri ya klabu.

Kinyozi, ambaye alikuwa kambi ya Ramani, akashusha pumzi na kusema kama ni hivyo yeye anahama. Mwingine akahama. Mjomba alikuwa anaandika bila kuinua kalamu. Akasema, “Mkwe, leo nimeona fundi.”



Mchumba wangu akapenya katikati ya watu, akachukua kiatu cha kulia, akakigeuza, kisha cha kushoto. Akaviweka sambamba. Niliona macho yake yanabadilika yakawa ya kazini.

“Ni kweli,” akasema. “Goti la kushoto. Na huyu ameshafanyiwa operesheni, tena si zamani. Anacheza kabla halijapona.” Akatikisa kichwa. “Angekuwa mgonjwa wangu ningemfunga kitandani.”

Nilijivuna, sifichi. Mke mtarajiwa anathibitisha maneno yangu mbele ya ukoo. Nikawaza tarehe, nikawaza suti, nikawaza hata viatu nitakavyojishonea.

Mtunza vifaa akakohoa.

Akasema samahani, yeye hataki kuharibu kikao, lakini viatu vya Ramani si hivyo. Ramani alipewa jezi namba arobaini ya mazoezi, akaiandika kwenye viatu mwenyewe. Nikakumbuka kweli niliona pea ya namba arobaini, nikashangaa timu gani ina wachezaji wengi hivyo, nikaendelea kushona.

Mwalimu akavua miwani. Akauliza swali ambalo kila mtu alikuwa nalo: kama si vya Ramani, basi hivi ni vya nani, na vilifikaje kwenye gunia la klabu?

Mtunza vifaa akatazama dari. Karakana yangu haina dari, ina bati, na alilitazama kwa muda mrefu.

“Nipe viatu vyangu,” akasema Mama.

Alisema akiwa amekaa. Kisha akanyanyuka, na ndipo nikaona anavyonyanyuka, mkono kwenye mgongo wa kiti, uzito wote mguu wa kulia. Mimi ninayesoma miguu ya mji mzima sikuwa nimeona hilo hata siku moja. Na sababu ni moja tu. Mama mkwe humtazamii miguu. Nimelelewa hivyo, unamwamkia umeinamisha macho pembeni, unamjibu ukiangalia ukuta. Miezi minane ya adabu, na adabu ndiyo iliyonikaanga.

“Mama,” akasema mchumba wangu.

Mama akamwambia mwanawe asimtazame hivyo. Ni kweli alikatazwa kucheza mwaka mzima baada ya operesheni, iliyofanyika kabla mimi sijaingia tawini. Ni kweli alitia sahihi karatasi ya hospitali. Lakini miezi sita kila alfajiri alibaki nyumbani akitazama ukuta, na wenzake wa timu ya akina mama wanafanya mazoezi alfajiri uwanja wa nyuma, anazisikia sauti zao. Siku moja akaenda kutazama tu. Siku ya pili akaenda na viatu. Viatu vilipochoka, hakuweza kumpa fundi wa mjini kwa sababu fundi wa mjini ndiye mkwewe, na mkwe angemwambia binti. Akamwomba mtunza vifaa avichanganye na vya klabu.

“Na unacheza nafasi gani?” Kinyozi akauliza, maana kuna watu ambao hawajui wakati wa kunyamaza.

“Kiungo wa kati,” Mama akasema. “Na pasi zangu bado zinafika.”

Mwalimu akaanza kusema mficha maradhi, akakumbuka methali hiyo inavyoisha, akaishia hapo kwa heshima. Nilitazama nyuso za wanachama na kuona kwamba wengi hawakushangaa. Walijua. Waliokuwa hawajui ni binti yake, mimi na Mjomba.

Mjomba alikuwa ameshusha daftari. Alimwendea dada yake, hatua nne tu, lakini hazikuwa zimepigwa kwa wiki tatu.

“Dada, ungeanguka kule alfajiri, mimi ningeambiwa na nani?”

Mama akamjibu kwamba angemwambia, ila alikuwa amemkasirikia kwa sababu ya Kufuli. Mjomba akasema Kufuli si ndugu yake. Mama akasema hata Ramani hajawahi kumletea dawa. Wakasimama hivyo, wamekaribiana, kila mmoja akitafuta pa kuweka mikono. Kisha Mjomba akavuta kiti na kuketi mstari mmoja na dada yake.

Ningefurahi. Lakini niliona aibu. Nilikuwa nimemvua mama wa watu mbele ya tawi lake, kwa kinywa changu, kwa siri ambayo kazi yangu ilinikataza kuitoa. Nikamwomba radhi.

Mama akaniambia nimtazame usoni. Nikamtazama.

“Kiatu umekisoma vizuri, mwanangu. Sasa na wewe tukusome. Mpira unaujua?”

Ningeweza kutoa mfano tena. Lakini nilimwona mchumba wangu ameshika kiatu cha mama yake kifuani, macho yana maji na hasira kwa pamoja, nikaona uongo mwingine hautoki.

“Siujui, Mama.”

Nikamwaga yote. Magazeti ya kufungia viatu. Wimbo wa kufungua mdomo. Kwamba kwake nilisema Ramani na kwa Mjomba nikasema Kufuli, na ukweli wa Mungu sijawahi kuwaona wote wawili wakicheza, hata kwenye televisheni. Kwamba nilichokipenda tawini ni mtu mmoja tu.

Nilitegemea kiti kivunjike. Badala yake Mjomba akacheka mpaka akashika mbavu. Akasema alinishuku tangu siku niliyomuuliza kama kona ni upande wa kulia au wa kushoto. Mama akasema yeye alijua siku ya yule mfuga kuku. Nikamgeukia mchumba wangu.

“Nilijua tangu mwanzo,” akasema. “Ulivaa skafu ya timu nyingine wiki mbili. Nilikubadilishia mwenyewe.”

Mwalimu akagonga meza. Dakika thelathini zimebaki, kura irudiwe. Kambi zikaanza kujipanga upya, na wale waliohama wakauliza kama wanaruhusiwa kurudi. Ndipo mtunza vifaa akakohoa mara ya pili. Nilishaanza kukiogopa kikohozi cha mtu huyu.

Akasema tusijisumbue sana. Ramani alirudi kwao jana jioni. Kufuli hakupigiwa hata simu. Klabu ilishamaliza usajili tangu Alhamisi.

“Wamemchukua kiungo gani?” wakauliza wote kwa pamoja.

“Wamechukua kipa.”

Sitaandika yaliyosemwa dakika tano zilizofuata, gazeti hili linasomwa na familia. Niseme tu kwamba tawi halijawahi kuwa na umoja kama ule. Mama na Mjomba walikuwa wanakamilishiana sentensi. Kipa wa nne, wakati katikati pako wazi kama kiwanja cha soko siku isiyo ya soko. Mjomba akachana barua ya mapendekezo vipande viwili, Mama akampokea kimoja akakichana tena.

Walipochoka, Mama akakaa na kunyoosha goti lake. Binti yake alipiga magoti mbele yake, akalikanda, akamwambia kwa sauti ya kazini kwamba hatacheza tena mpaka mwaka uishe, na safari hii atakuwa anafuatwa alfajiri. Mama akakubali. Halafu akashusha pumzi na kusema kitu ambacho sikukielewa mara moja.

“Basi kweli tuna tatizo la kiungo wa kati.”

Akaeleza kwa faida yangu. Wiki mbili zijazo kuna bonanza. Tawi letu linacheza na timu ya wafanyakazi wa hospitali, wanawake na wanaume pamoja. Katikati alikuwa amejipanga mwenyewe kimyakimya. Wengine wote wana nafasi zao, na wasio na nafasi wana miaka sabini. Aliyemtoa uwanjani ni mimi, kwa mdomo wangu.

Mjomba akafungua ukurasa mpya wa daftari. Akasema kwa sauti ya kikao kwamba dirisha la usajili la tawi limefunguliwa, na kuna jina moja. Nikacheka. Nikacheka peke yangu.

“Atasomea huko huko uwanjani,” kinyozi akasema. Mwalimu akaomba mikono. Ikanyooka kumi na miwili, bila hata mmoja kusita. Wiki tatu walishindwa kukubaliana juu ya wachezaji wa kulipwa, wakakubaliana juu yangu kwa muda wa kupiga chafya.

Mjomba akaongeza, sasa kama msemaji wa familia, kwamba tarehe ya harusi itatajwa pale pale uwanjani filimbi ya mwisho ikipulizwa, kama tawi limeshinda. Tukishindwa, familia itahitaji muda wa kutafakari. Mama akasema haki kabisa. Na kwa kuwa katiba ya tawi inasema mchezaji hasajiliwi bila ridhaa yake, ilibaki kura ya kumi na tatu.

Nikamtazama mchumba wangu, nikitafuta huruma.

Alikuwa ameinuka kutoka kwenye goti la mama yake. Akashusha begi lake begani, akalifungua, akatoa pea ya njumu nyekundu zilizochakaa na kuziweka mezani kwangu, pembeni ya zile nyeusi.

“Nilikuwa nakuletea uzishone,” akasema. “Nilitaka nikuambie leo, baada ya tarehe. Hospitali wananichezesha katikati.”

Mama akashika mdomo. Mjomba akasema mtoto wa nyoka ni nyoka, akakaa chini taratibu.

Yeye hakuwatazama. Alinitazama mimi.

“Mama anataka ushinde. Mimi sijawahi kumwachia mtu mpira kwa huruma, na sitaanza na wewe. Lakini siku hiyo nikiona unanipisha kwa ajili ya mapenzi, au unajifanya umeumia ili utoke, pete yako nakurudishia hapo hapo uwanjani. Uongo mmoja nimeuvumilia kwa sababu nakupenda. Wa pili siuwezi.”

Mwalimu akasema muda umekwisha, kura tafadhali. Watu kumi na watatu wakanikodolea macho.

Nikanyoosha mkono. Mjomba akaandika jina langu daftarini na kupiga mstari chini yake, na mpaka naandika haya sijaweza kumwambia kwamba nilikuwa naomba ruhusa ya kutoka nje.